Pini Yenye Tone Jekundu

Bibi Zelia alikuwa na kopo la biskuti lililojaa pini. Si pini za nywele wala za kushonea nguo. Ni zile za chuma zinazokaa mwisho wa waya, unazochomeka kwenye redio ili usikilize kwa hedifoni, au kwenye gitaa ili sauti iende kwenye spika. Nyingine nyembamba kama kijiti cha kiberiti, nyingine nene kama penseli. Alipenda kupekua mle ndani kwa kidole mpaka aipate moja nene, ya shaba iliyofubaa, akaniwekea kiganjani.

"Hii ndiyo iliyoniozesha, Mama Tupele," alikuwa akisema. "Wenzangu waliposwa kwa barua na washenga. Mimi niliposwa kwa pini."

Tulikuwa tunakaa ghorofa moja pale Crescent Town, Toronto, yeye mlango wa karibu na lifti, mimi mwisho wa korido. Nilifika mwaka 2009, Tupele akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mume wangu alikuwa anatoka alfajiri kwenda ghalani anakofungasha mizigo, anarudi jioni amechoka. Mchana kutwa nilikuwa mimi na mtoto na kuta. Siku moja nimeshuka chumba cha kufulia, mashine ikakataa kuzunguka, nikaanza kuisema kwa Kiswahili kama mtu anayegombana na mbuzi.

"Wewe nawe una nini leo? Kila siku wewe tu!"

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Ipige ubavuni. Hiyo haisikii maneno."

Nikageuka. Mama mtu mzima, mwembamba, nywele fupi zote mvi, msalaba mdogo shingoni, ameshika kapu la nguo. Kwa sura Mhindi kabisa. Mimi kwa ushamba wangu nikaropoka, "Kumbe Wahindi wa huku wanajua Kiswahili!"

"Mhindi shangazi yako," akasema, wala hakukunja uso. "Mimi Mgoa, mzaliwa wa Tanga. Nimekula mihogo ya Ngamiani mama yako hajazaliwa bado."

Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nikapiga goti kidogo na mtoto mgongoni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, akaipiga mashine teke, nayo ikaanza kuzunguka. Halafu akachungulia mgongoni kwangu. "Na huyu kifurushi ni nani?"

"Atupele, bibi. Tunamwita Tupele."

"Basi huyu ni mke mwenzangu. Mume wetu ameshakufa, lakini usimwambie, atalia."

Kutoka siku hiyo sikuwa peke yangu tena na kuta. Asubuhi nikishamaliza kazi zangu nilikuwa nakwenda kwake, tunakunywa chai ya maziwa, Tupele anatambaa chini ya meza, na Bibi Zelia anasimulia. Mambo mengi ya maisha yake niliyapata hivyo, vipande vipande, kikombe mkononi.

Ujanani mwake kule Tanga alikuwa opereta wa simu. Alikuwa anakaa mbele ya ubao mkubwa wenye matundu, na kila nyumba yenye simu ina tundu lake. Mtu akipiga, taa ndogo inawaka. Zelia anavuta waya wenye pini, anachomeka kwenye tundu la anayepiga, anauliza, "Nambari gani tafadhali?" kisha anachukua pini nyingine anachomeka kwenye tundu la anayepigiwa, watu wanaongea. Aliniambia kwamba sikio lake lilizoea mpaka akigusisha tu ncha ya pini kwenye tundu alikuwa anajua kama laini ina mtu au haina, kwa ule mlio mdogo tu, tk.

Jovito, huyo aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa karani wa reli, na Jumamosi alikuwa anapiga gitaa la umeme kwenye klabu ya Wagoa. Pini ya gitaa lake ilivunjika, na Tanga nzima hapakuwa na duka lenye nyingine. Mtu akamwambia pini ya simu na pini ya gitaa ni ndugu, zinatofautiana kidogo tu kichwani. Akaenda kusimama dirishani kwa opereta na nywele zake zimepakwa mafuta.

"Dada, naomba pini moja."

"Hapa tunaunganisha simu, hatugawi pini."

"Basi niunganishe."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Nikamwambia laini ina mtu," Bibi Zelia alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anafuta macho. "Haikuwa na mtu hata kidogo. Ilikuwa tupu hiyo, kama uwanja."

Mkuu wa ofisi alimruhusu kuchukua moja iliyochakaa, ya kutupwa. Kwenye gitaa ilibana kidogo lakini iliingia. Jovito aliipigia gitaa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka wakafunga ndoa. Ndiyo ile ya shaba aliyokuwa akiniwekea kiganjani.

Walihamia Toronto miaka ya sabini, kijana wao Marc akiwa mdogo. Jovito alipata kazi kwenye ghala la samani, Zelia akakaa kwenye ubao wa simu wa ofisi fulani mjini mpaka mbao zile zikaondolewa zikaja za kubonyeza. Jumamosi ilibaki kuwa Jumamosi. Jovito na wenzake watatu walikuwa wanapiga kwenye harusi na kumbi za kanisa, na kwa kuwa waya za muziki hukatika kila mara, hasa pale kwenye pini, nyumba yao ikawa ndiyo hospitali ya pini. Mzee Alibhai alikuwa anakuja na waya za kinanda chake kutoka Unionville, nje kidogo ya mji. Donatienne, mama wa Kikongo anayeongoza kwaya Parkdale, alikuwa anavuka mji mzima na mfuko wa plastiki uliojaa waya zilizosokotana kama tambi, anaumwaga mezani na kusema, "Papa Jovito, wagonjwa wako hawa."

Kazi hiyo, Bibi Zelia aliniambia, inataka mikono minne. Ukifungua pini ya hedifoni ndani yake unakuta nyaya tatu nyembamba kama nywele. Mbili zinapeleka sauti, moja kwa kila sikio, na ya tatu inairudisha ilikotoka. Mtu mmoja anazishika mahali pake kwa kibanio cha nyusi, asitikisike. Mwingine analeta pasi ya kulehemu, ile fimbo yenye ncha ya moto, anayeyushia tone la risasi, ile laini ya kuungia nyaya. Kisha kuna meno mawili ya chuma nyuma ya pini ambayo lazima yaung'ate waya, ili ukivutwa visivutike vile vinywele vya ndani. Hapo tena mmoja anasukuma waya, mwingine anabana kwa koleo. Ukijaribu peke yako unadhani umebana kumbe hukubana.

Jovito alikuwa anachomea, Zelia anashika. Wakimaliza, wanafunga kifuniko kwa kukizungusha, na Zelia anachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, anatia tone moja dogo pale kifuniko kinapokutana na mwili wa pini. Tone likikauka, limeziba ule mstari. Pini ikirudi mbovu na tone limepasuka, wanajua kuna mjuaji ameifungua.

"Umetia sahihi, daktari?" Jovito alikuwa anauliza.

"Nimetia."

"Basi mgonjwa aende nyumbani."

Sasa nifike kwenye pini yenyewe ninayotaka kuisimulia.

Mwaka 2007 Bibi Zelia alilazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho. Jovito akabaki nyumbani. Alijua mkewe akirudi hataruhusiwa kusoma wala kutazama televisheni, na hedifoni kubwa ya nyumbani, ile ya kusikilizia kaseti, pini yake ilikuwa imekufa. Akakaa akaitengeneza peke yake. Zelia aliporudi na macho yamefungwa, Jovito alimvalisha hedifoni akambonyezea kaseti. Bandeji ilipotolewa ndipo alipoiona ile pini. Jovito alikuwa ametia tone la rangi ya kucha yeye mwenyewe. Mtu wa kushika gitaa, siyo brashi ya kucha. Tone kubwa, limekwenda upande, limechuruzika kama jamu.

Ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Hayakuisha, Jovito akafariki, moyo. Ile ilikuwa pini yake ya mwisho.

Spika zake kubwa Bibi Zelia alizipeleka kanisani. Alibaki na deki ya kaseti, hedifoni, na kaseti moja iliyorekodiwa ukumbini miaka ya tisini, Jovito akiimba wimbo aliomtungia, wa ile siku ya dirishani Tanga. Kila Jumapili akitoka misa alikuwa anavua viatu, anakaa karibu na dirisha linalotazama daraja la kwenda stesheni, anavaa hedifoni. Ukigonga wakati huo hafungui. Sisi wote wa korido tulijua. Hata Khatoon, jirani yetu wa Bangladesh mwenye haraka zake, alikuwa anasema, "Sasa hivi yuko na mzee wake, rudi baadaye."

Mwaka 2012, theluji ya kwanza ilipoanza, Marc alinisimamisha kwenye korido. Marc ni mtu mzima, mhasibu, ana nyumba Unionville, na si mtoto mbaya hata kidogo. Kila Jumamosi alikuwa analeta mifuko ya chakula, anaiweka mlangoni, anambusu mama yake, anaangalia saa, anaondoka. Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliongea taratibu ili nimwelewe. Akaniuliza kama nimeona mama yake amebadilika. Kwamba anasahau, au anasema mambo.

"Mambo gani?" nikamuuliza.

Akashusha sauti. Mama yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba baba hayupo tena kwenye kaseti. Kwamba sasa anaimba nje ya mlango. Marc alikuja akavaa hedifoni akasikia muziki unapiga vizuri tu, gitaa na kila kitu, akamwambia, "Kaseti nzima, Mami." Mama yake akamtazama tu.

Aliponieleza hayo macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshaandaa chumba cha chini nyumbani kwake, chenye bafu lake. Jumamosi angekuja na sanduku. Ni kwa kipindi cha baridi tu, alisema, halafu wataona. Lakini mimi nimeona watu wazima wawili pale kwenye jengo letu wakiondoka kwa kipindi cha baridi tu, na milango yao ikapakwa rangi mpya, wakaingia wengine.

Nilikwenda kwake siku ile ile na Tupele mkononi. Alikuwa amekaa dirishani, hedifoni mapajani, waya umening'inia.

"Ameshakuambia," akasema.

"Ameniambia, bibi."

"Anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Na mimi ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo." Akauviringisha waya kidoleni. "Unionville si kubaya. Ana mke mwema, ana watoto wazuri. Lakini asubuhi wote wanaondoka na magari, mimi nabaki na jokofu. Hapa nikikohoa Khatoon anagonga. Hapa ndipo Jovito alipokufa na hapa ndipo nataka kufa, basi."

"Mbona ulimwambia anaimba nje ya mlango?"

"Kwa sababu ndivyo anavyoimba. Vaa."

Nikavaa. Akabonyeza. Gitaa lipo. Kinanda kipo. Lakini vyembamba, kama vinapigwa ndani ya sufuria, na ule mdundo wa chini haupo kabisa. Nikangoja mtu aimbe. Pale ambapo mtu angeimba palikuwa na nafasi tu, vyombo vinaizunguka kama watu waliozunguka kiti kitupu. Nikafumba macho, nikabana hedifoni. Hapo ndipo nikaisikia. Mbali sana, mwangwi tu, mwanaume anaimba kama yuko bafuni kwa jirani, mlango umefungwa.

Nikazivua.

"Umemsikia?" akauliza.

"Yuko nje ya mlango, bibi."

Alivuta pumzi ndefu. Nadhani alikuwa ameibana wiki nzima. Kisha akacheka kidogo. "Sasa tumechanganyikiwa wawili. Marc atakuja na sanduku kubwa zaidi."

Nikamuuliza kama ni kaseti imechakaa. Akatikisa kichwa.

"Kaseti ikichakaa wote wanachakaa, mwimbaji na mpigaji. Hii ni ile waya ya tatu, ya kurudisha. Imeachia. Sauti ya Jovito ilirekodiwa katikati, sawa sawa masikio yote mawili. Gitaa lilikaa zaidi upande huu, kinanda upande huu. Waya ya kurudisha ikikatika, sikio hili na sikio hili yanavutana, na kilicho sawa kwa yote mawili kinajifuta. Anayebaki ni yule wa pembeni." Akaigusa pini kwa ncha ya kidole. "Nimekaa na pini tangu nina miaka kumi na tisa, Mama Tupele. Nilijua Jumapili ya kwanza, kabla wimbo haujaisha."

Mimi nilikuwa nimeduwaa. "Sasa bibi, kama unajua, si uitengeneze? Vyombo unavyo. Jumamosi Marc akija akamsikia baba yake, habari ya sanduku imekwisha."

Aliigeuza ile pini mpaka tone likaja juu. Lile tone kubwa la rangi ya kucha, lililochuruzika, limeushika mstari wa kifuniko.

"Nikiizungusha litapasuka," akasema.

Nikaelewa. Nguo za mumewe alishazigawa, gitaa alichukua mjukuu, viatu walipewa watu wa kanisa. Kitu cha mwisho mikono ile ilichokifanya kilikuwa hicho, na kilikuwa kimefungwa, na ndani yake risasi iliyoyeyushwa na Jovito. Tupele ndiye aliyesema, amesimama ameshika goti la bibi: "Bibi, chai?"

"Ndiyo, mke mwenzangu," Bibi Zelia akasema, akainuka. "Tunywe chai."

Siku zilizofuata sikumsemesha habari hiyo. Nilikuwa nampelekea uji, naona pini iko pale pale juu ya meza. Siku moja ilikuwa kwenye kitambaa cheupe. Siku nyingine niliona koleo kando yake, halafu koleo likaondoka.

Jumamosi asubuhi aligonga mwenyewe mlango wangu. Hajawahi kugonga kwangu, siku zote ni mimi ninayekwenda. Amevaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani.

"Mikono yako imetulia?" akaniuliza.

"Imetulia, bibi."

"Nawa. Halafu njoo."

Alikuwa ameshaweka kila kitu mezani. Pasi ya kulehemu imechomekwa inapata moto, kibanio cha nyusi, koleo, waya wa risasi, chupa ya rangi ya kucha. Nilimkalisha Tupele chini na kopo la biskuti ili ahesabu pini kwa kuzipanga. Bibi Zelia akaishika pini kwa mikono miwili. Akasema kitu kwa Kikonkani, lugha ya Wagoa, cha taratibu, si kwangu. Kisha akazungusha.

Tone lilifanya mlio mdogo, tk. Likapasuka katikati.

Hakulia. Alisogeza miwani, akainamia ndani muda mrefu. Halafu akaanza kutikisika mabega na mimi nikadhani sasa analia, kumbe anacheka.

"Mwone! Mwone huyu mwanaume!" Akanionyesha. "Waya mbili hizi, tazama anavyochomea. Safi, kama shanga. Hata mimi siwezi. Na ya tatu nayo aliichomea vizuri. Lakini meno, Mama Tupele, meno hakubana! Yako wazi kama mdomo wa mtu aliyelala."

Kweli. Yale meno mawili ya chuma yalikuwa yamekaa wazi, hayajaung'ata waya. Miaka yote hiyo, kila Jumapili alipochomeka na kuchomoa, waya ulikuwa unavuta vile vinywele vya ndani, mpaka kimoja kikaachia.

"Hakuwa na wa kumshikia," nikasema.

"Hakuwa na wa kumshikia," akarudia. Kicheko kikamwishia polepole. "Mimi nimelala na macho yangu, yeye yuko hapa anahangaika na mkono mmoja na meno ya mdomoni. Angengoja siku mbili tu. Lakini huyo kungoja hakujua, tangu dirishani."

Alikuwa ameifikiria hiyo pini wiki nzima kama mtu anayekwenda kubomoa nyumba, na kumbe ndani hapakuwa na cha kubomoa. Zile mbili za Jovito hakuzigusa. Akanipa kibanio cha nyusi, akanionyesha ile nywele ya shaba iliyoachia.

"Shika hapa. Usipumue."

Nikashika. Akaleta ncha ya moto. Moshi mdogo ukapanda, harufu kama ya utomvu unaoungua. Tone la risasi likang'aa, likatulia, likawa la kijivu. Lake lilikuwa kubwa kuliko ya Jovito, limekaa kama kifungo. Kisha nikasukuma waya, yeye akabana meno kwa koleo, kwa nguvu zote alizonazo mpaka mshipa wa shingo ukatokeza. Akazungusha kifuniko.

Lile tone lililopasuka halikurudi mahali pake, nusu moja ilibaki kwenye kifuniko, nusu kwenye mwili wa pini, zimepishana. Nilidhani atalikwangua. Hakulikwangua. Alifungua chupa, akatia tone lake dogo pembeni.

Akachomeka pini kwenye deki. Akavaa hedifoni, akabonyeza. Mimi sikusikia kitu, niliona uso wake tu. Aliangalia dirishani, kwenye daraja, watu wanapita na makoti yao. Kisha akainua mkono mmoja, taratibu, akauweka juu ya sikio la hedifoni kama unavyoweka mkono juu ya mkono wa mtu.

Nikambeba Tupele tukaanza kuondoka kimya kimya, lakini akaniona. "Kaeni," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema waliovaa hedifoni. "Ameingia ndani. Wakeze wote wapo."

Marc alikuja na sanduku, tupu, la magurudumu. Alilisimamisha mlangoni, akambusu mama yake, akanisalimia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. Alianza kueleza habari za chumba, kwamba ameweka taa ya pembeni, kwamba watoto wamechora picha za ukutani.

"Kaa kwanza," mama yake akamwambia.

Akakaa na koti lake. Bibi Zelia akamvalisha hedifoni kama mtu anayemvalisha mtoto kofia, akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Mwanzo Marc alikuwa ananitazama mimi, kama anayesema, unaona? Vyombo vilianza, nadhani, kwa sababu alitikisa kichwa kidogo. Kisha macho yake yakaacha kunitazama. Yakawa hayatazami kitu. Mdomo ukafunguka. Alivua glavu moja, ya pili akaisahau mkononi. Nadhani wimbo uliisha, kaseti ikabaki ikizunguka tupu, naye bado amekaa.

"Ile siku nyingine," akasema kwa Kiingereza, "hakuwepo. Sikugundua. Nilisikia gitaa nikadhani…"

"Hukungoja aimbe," mama yake akasema. Hakumsema kwa ukali. "Umerithi kwa baba yako. Pini iliachia, nimeitengeneza na Mama Tupele. Kichwa changu kizima, masikio yangu mazima. Magoti ndiyo mabovu, na magoti hayahitaji Unionville."

Marc alicheka huku akifuta pua kwa ule mkono wenye glavu. Akasema basi aichukue kaseti siku moja tu, aipeleke ikanakiliwe kwenye kompyuta, kila mtu awe nayo.

"Kaseti haitoki hapa."

"Mami…"

"Baba yako anakaa hapa. Ukitaka kumsikia njia unaijua, unaipita kila Jumamosi na mifuko. Ila uvue koti."

Akatazama sanduku lake pale mlangoni. Tupele alikuwa ameshalipanda, amekaa juu anapiga visigino. Marc akavua koti. Kisha akasema neno moja, kwa Kiswahili, neno ambalo nadhani alikuwa akilisikia toka utotoni wakati wa mazoezi ya muziki sebuleni.

"Rudisha."

Bibi Zelia akarudisha kaseti mwanzo.

Sanduku lilikwenda Unionville tupu kama lilivyokuja, na kipindi chote kile cha baridi hakuna aliyetaja tena habari ya chumba. Jumamosi iliyofuata Marc alikuja na mifuko yake kama kawaida. Nilikuwepo, tunachambua mchele. Akasimama kidogo, akatoa mfukoni hedifoni ndogo za binti yake, zile za kuingiza masikioni, pini yake nyembamba imepinda, waya umechubuka.

"Sikio moja halisemi," akaeleza.

Bibi Zelia aliichukua, akaisogeza karibu na miwani, akaizungusha. Akaiweka mezani, akainuka kwenda kuchomeka pasi ya kulehemu.

"Hii inataka mikono minne," akasema. "Mama Tupele ana mchele. Nawa, Marc, uje ushike."